Wakili wa Mjomba Ndiye Aliyenipendekeza

Wiki jana niliwaacha nikiwa nimesimama mlangoni mwa duka, simu sikioni.

Kwa aliyenikosa, mambo ni haya. Naitwa Mahira. Nauza leso katika duka la watu, Barabara ya Biashara. Nimelelewa na bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanakhamis, katika nyumba ya ghorofa moja Mji wa Kale, Mombasa, nyumba iliyojengwa na baba yake. Nduguye bibi, marehemu Babu Zein, alimwachia dadake sehemu yake yote ya nyumba hiyo, akalisema hilo mbele ya watu, kisha akahamia mtaa wa Tudor. Alipofariki, mwanawe, Mjomba Mzamil, akaenda mahakama ya Kadhi akasema hapakuwa na jambo kama hilo.

Hatuna wakili. Bibi hubanwa na pumzi akisema sana, kwa hivyo Kadhi alinikubalia nimsemee. Kikao kilichopita nilimuuliza shahidi wa Mjomba alipanda juu kwa ngazi ipi siku anayodai alikuwapo Babu Zein alipozungumza na watu habari ya nyumba, kwa maana mwaka ule ngazi yetu ilikuwa imeanguka na sote tukipitia kwa jirani. Mzee wa watu akajikanyaga. Watu wakacheka. Wakili wa Mjomba hakucheka.

Siku chache baadaye simu ikalia. Kile chuo cha sheria cha Nairobi, ambacho mwaka jana kilinikataa na Januari hii nikaufanya mtihani wake mara ya pili, sasa kinaniita. Nina nafasi, na ufadhili wa miaka yote. Limebaki jambo moja tu: nifike mbele ya jopo lao, Jumanne.

Jumanne ndiyo siku ya kesi.

Na dada wa chuoni aliyenipigia, Janet, akamaliza kwa maneno yaliyonitoa jasho: "Wakili Kavumbi amekusifu sana."

Wakili Kavumbi ndiye wakili wa Mjomba Mzamil.

*

Siku ile nilifunga mdomo. Sikumwambia tajiri wangu dukani, wala sikupiga simu nyumbani. Nilitaka kwanza nijue ni mtego wa nani.

Nilirudi nyumbani baada ya Alasiri, nikamkuta Ruweida ukumbini.

Ruweida ni binti wa Mjomba Mzamil. Tumesoma madrasa pamoja, tukashonewa nguo za Idi za kitambaa kimoja. Kesi ilipoanza, akakoma kuja. Sasa amekaa ubavuni mwa bibi, sahani ya halwa katikati yao, bibi akiimega taratibu kana kwamba hapajawahi kuwa na ugomvi duniani.

"Hongera, Mahira," akasema, akainuka kunikumbatia.

Sikuinua mikono. "Hongera ya nini?"

Akamtazama bibi. Bibi akaitazama halwa.

"Si umepata chuo?"

"Nani kakwambia?"

"Mji wenyewe ndio huu, mwenzangu. Habari itajificha wapi?"

"Habari hiyo imenifikia leo mchana, Ruweida, na mimi sijamwambia mtu."

"Baba ndiye aliyesema. Amefurahi sana kwa ajili yako."

Mjomba Mzamil anifurahie mimi. Mtu ambaye kikao kilichopita alinipita kwenye ujia wa mahakama akageuza uso upande wa ukuta.

"Jumanne usiwe na wasiwasi na bibi," Ruweida akaendelea haraka haraka. "Nitampeleka mimi mahakamani. Nitakaa naye. Wewe nenda zako Nairobi."

Nilikuwa sijataja Jumanne.

Nikamwangalia bibi, nikingoja aseme kwamba Mahira haendi popote siku hiyo. Bibi akafuta vidole kwa pindo la leso, akasema, "Ahsante, mwanangu. Mungu akulipe kheri."

Ruweida alipoondoka, ile halwa niliifunika nikaisukuma ndani ya kabati. Sikuionja. Najua ni upuzi, halwa ni halwa. Lakini nilikuwa nimeshafika hapo.

"Bibi, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Habari ya chuo."

"Ruweida ndiye kaniambia sasa hivi. Alhamdulillahi. Kila sala nakuombea."

Bibi yangu si mtu wa uongo, kwa hivyo hajui kuusema. Macho yake yalikuwa dirishani, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Usiku ule niliwapanga wote kichwani kama mashahidi. Ruweida anajua. Mjomba anajua. Wakili anajua kwa sababu ndiye aliyeanza. Na bibi je?

Swali hilo la mwisho niliona haya kulimaliza, hata peke yangu.

*

Asubuhi niliomba ruhusa dukani nikaenda kwa Wakili Kavumbi. Ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la miwani, si mbali na mahakama. Karani wake akaniuliza kama nina miadi. Nikamwambia sina miadi, nina swali moja.

Wakili mwenyewe akatoka kunikaribisha. Ni mtu wa Ukambani, mwili mkubwa, sauti ndogo. Amekaa Mombasa miaka mingi kuliko umri wangu.

"Keti, Mahira. Mama mzee hajambo?"

"Hajambo. Kwa nini umenipendekeza?"

Akatabasamu. "Wewe hupotezi wakati."

"Wakati wenyewe umebaki mdogo."

Akavua miwani akaiweka mezani. "Siku ile ulipomuuliza shahidi wangu habari ya ngazi, nilirudi hapa sikuweza kufanya kazi nyingine. Nimesimama mahakamani tangu wewe hujazaliwa. Nimeipitia kesi ile mara nyingi, na habari ya ngazi haikunijia. Mimi mwenyewe nilisoma chuo kile. Niliona ni haki kuwaambia nilichokiona."

Maneno matamu. Na mimi nilikuwa nimeshajifunza kuyaogopa maneno matamu ya watu waliolipwa na mtu mwingine.

"Haki yenyewe imeangukia Jumanne," nikasema.

"Siku siipangi mimi."

"Basi omba kesi iahirishwe. Wiki moja tu. Kama huna nia mbaya na mimi, omba."

Wakili akanitazama kwa namna ambayo sikuitegemea. Haikuwa hasira. Alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa ambaye jamaa zake wamemficha ugonjwa wake.

"Iahirishwe nini, Mahira? Jumanne hakuna mashahidi. Ni kuandikisha sulhu tu. Bibi yako na Mzamil wamekubaliana."

Nilisikia mtu akigonga mhuri chumba cha pili. Akagonga tena na tena.

"Sulhu gani?"

"Hukuambiwa?"

"Sulhu gani, Wakili?"

"Si mahali pangu kukueleza. Muulize mwenyewe." Akaichukua miwani lakini hakuivaa. "Mimi nilidhani wazo limetoka kwako. Mzamil aliniambia limetoka kwako."

*

Nilirudi mbio kupitia Ndia Kuu, buibui limenizonga miguuni, watu wakiniuliza kuna nini. Bibi alikuwa jikoni akichagua mchele.

"Bibi, umempa Mjomba nyumba?"

Vidole vyake havikusita. "Nani kakwambia?"

"Wakili wake."

"Wakili gani huyo asiyeweza kuweka neno." Akaweka ungo chini. "Kaa."

"Nimesimama sawa."

"Kaa, Mahira. Shingo yaniuma kukutazama juu."

Nikakaa. Akanieleza, na alieleza bila kupamba, kama mtu anayetua mzigo.

Mjomba Mzamil alikuwa amemwita Tudor katikati ya Ramadhani, siku ambayo mimi niliambiwa ameenda kwa daktari. Alimpokea mlangoni. Alimbusu mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu walipomzika Babu Zein. Akamwambia wakili wake ana neno katika kile chuo. Akamwambia mwaka jana Mahira alikataliwa kwa sababu hakuwa na mtu, na mwaka huu anaweza kuwa na mtu.

"Akasema, shangazi, sitaki kukutoa. Utakaa humo mpaka Mungu atakapokuchukua. Wewe kiri tu mbele ya Kadhi kwamba baba hakukuachia kitu, mengine niachie mimi. Mahira ataingia."

"Nawe ukakubali."

"Nilimwambia nataka kuona kwanza. Ndiyo maana kesi ikaendelea, nawe ukaendelea kunisemea. Sasa nimeona. Simu si imekuja?"

"Bibi, Babu Zein alikuachia. Alisema mbele ya watu, wewe mwenyewe ukiwapo. Utasimama mbele ya Kadhi umkane nduguyo?"

Alikaa kidogo akitafuta pumzi, mkono kifuani.

"Hilo nitalijibu mimi kwa Mola wangu," akasema. "Wewe halikuhusu."

"Siendi Nairobi."

"Utakwenda."

"Siendi. Jumanne nitakuja mahakamani nimwambie Kadhi yote."

"Ukija utakuwa umekosa chuo, na mimi nitakiri vilevile. Nimeshatoa ahadi. Kwa hivyo nyumba imekwenda, Mahira. Lililobaki ni wewe. Ama nyumba iende nawe uwe wakili, ama nyumba iende nawe ukae ukunje leso za watu mpaka uzeeke."

Akauchukua ungo wake akaendelea kuchagua mchele.

Sasa nitawaambia jambo ambalo bibi hajui mpaka leo. Moyo wangu uliniambia niende.

Haukuniambia kwa sauti kubwa. Uliniambia kwamba nyumba imekwenda kweli, kwamba yeye mwenyewe amechagua, kwamba nikirudi nikiwa wakili nitamjengea nyingine. Na nilipousikiliza niliona aibu, lakini niliendelea kuusikiliza.

Kilichoniuma zaidi, tena nakisema nikijua kinanivunjia heshima, hakikuwa nyumba. Januari nilipotoka kwenye ule mtihani nilihisi nimeandika vizuri. Nilitembea kutoka pale mpaka Feri kwa miguu, bila haja yoyote huko, kwa furaha tu, nikawatazama watu wakishuka kutoka Likoni na vikapu vyao, nikajiambia safari hii watanichukua. Kumbe hapana. Kumbe nilikuwa nimeombewa, na malipo yalikuwa ulimi wa bibi yangu.

*

Jumatatu nilifunga begi.

Asubuhi gari ya Mjomba ikaja kumchukua bibi, alale Tudor asikae peke yake, na kesho waende mahakamani pamoja. Mjomba hakuja mwenyewe. Alimtuma dereva na Ruweida. Bibi alinisomea dua, akanipulizia usoni, akaniambia nisinunue chakula cha njiani. Hakulia. Aliingia garini akaangalia mbele.

Ruweida hakuingia.

"Nitakusindikiza mpaka utakapopata tuktuk," akasema, akaushika mpini mmoja wa begi.

Sikumtaka. Nilijua amewekwa ahakikishe nimepanda treni. Nikamwachia mpini kwa sababu begi lilikuwa zito, tukaenda bila kusema mpaka Marikiti, kwenye kelele za wachukuzi na mikokoteni ya ndizi. Hapo akasimama.

"Mahira, wanichukia?"

"Leo sina nafasi ya kukuchukia."

"Kabla hujapanda treni, wapigie watu wa chuo."

"Niwaulize nini?"

"Waulize jina lako lilitoka lini."

Nikamtazama vizuri. Macho yalikuwa mekundu, na sikujua tangu lini.

"Kwani wewe wajua nini?"

"Usiniulize nimejuaje," akasema. "Yule ni babangu, Mahira. Nimesema nililoweza kusema." Akaachia mpini, akageuka akajipenyeza katikati ya watu, nami nikabaki na begi limelala upande.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba huu ni mtego mwingine. Anataka nichelewe. Nikose treni, nikose chuo, na bibi akiri, wapate vyote viwili. Nilimsimamisha dereva wa tuktuk, nikamwambia Miritini, stesheni ya treni. Nikaingiza begi.

Kisha nikampigia Janet.

"Nimefurahi umepiga," akasema. "Tunakutarajia kesho."

"Dada Janet, naomba kuuliza. Jina langu lilitoka lini?"

"Kwenye orodha ya mtihani? Hiyo ilitoka kabla ya Ramadhani. Ulikuwa miongoni mwa wa juu kabisa."

Nikashika ukingo wa tuktuk. "Kabla ya Ramadhani."

"Ndiyo. Ila hatupigii mtu simu mpaka baraza la chuo lithibitishe, na ndiyo kwanza limekaa baada ya Idi."

"Na maneno ya Wakili Kavumbi?"

"Hayo yametufikia majuzi tu, wewe ukiwa umeshapita. Yametufurahisha, lakini hayakubadilisha kitu. Kwani umeambiwaje?"

"Na ufadhili?"

"Ufadhili hupewa wote wa juu. Ni wako kwa mtihani wako."

"Hiyo orodha, nani aliiona wakati huo?"

"Wanajopo tu. Wakili Kavumbi ni mmoja wao, lakini alituomba asikuhoji wewe, kwa sababu ana kesi na watu wako. Mahira, kuna tatizo?"

Kulikuwa na tatizo. Mjomba Mzamil hakuwa ameniombea chochote kwa mtu yeyote. Alijua tayari nimepita, akamwita mwanamke mzee kwake katika mwezi mtukufu, akambusu mkono, akamuuzia kitu ambacho kilikuwa cha mjukuu wake mwenyewe.

Na aliyejua nimepita, wakati ule, ni Wakili Kavumbi.

"Naweza kuja siku nyingine?" nikauliza. "Keshokutwa?"

"Jopo linakaa kesho tu, dada. Asiyefika, nafasi yake hupewa anayemfuata. Samahani, lakini ndivyo ilivyo."

Nilimpigia bibi. Simu iliita, haikushikwa. Nikapiga tena, ikawa imezimwa.

"Miritini, si ndiyo?" dereva akauliza.

"Tudor," nikamwambia.

*

Mjomba Mzamil alifungua mlango mwenyewe. Kanzu safi, tasbihi mkononi. Hakuonyesha kushtuka.

"Mahira. Treni imekukimbia?"

"Nataka kumwona bibi."

"Amepumzika."

"Nitamwamsha mwenyewe."

"Amesema ukija usifunguliwe. Ajua ukimwona utaacha safari." Alisema kwa upole kabisa, na lililoniudhi ni kwamba huenda lilikuwa kweli. Hayo ni maneno ya bibi yangu.

"Mjomba, ulijua jina langu limetoka kabla ya Ramadhani."

Punje moja ya tasbihi ikapita kidoleni. Halafu nyingine.

"Jina gani?"

"Wajua jina gani. Umemwambia bibi utaniombea, hali nimeshaingia. Nani alikwambia? Kavumbi?"

"Ninalojua mimi," akasema, "ni kwamba shangazi yangu amekubali kwa akili zake timamu. Hakulazimishwa. Na ninalojua ni kwamba saa hii wewe ulitakiwa kuwa stesheni." Akaangalia begi langu. "Bado waweza kuiwahi. Nikupe gari ikupeleke?"

Gari ilikuwa pale pale, dereva ameegemea mlango.

Nilifikiria. Siwezi kuwaficha. Nilisimama mbele ya mtu aliyemlaghai bibi yangu, nikaitazama gari yake, nikahesabu mwendo wa Tudor mpaka Miritini.

Ghafla nikasikia kikohozi cha bibi, juu, dirisha la pili.

"Bibi," nikaita. "Bibi, nafasi ni yangu. Nimeipata kwa mtihani. Usikiri kitu."

Kikohozi kikakatika. Nikangoja. Sikusikia sauti, wala pazia halikutikisika. Mjomba akasema, kwa upole ule ule, "Unamsumbua mgonjwa," akafunga mlango. Nikasikia komeo.

Sikuondoka. Nilikaa kwenye kibaraza cha jirani mpaka saa ya treni ikapita. Ilipopita nilijua, kwa sababu niliacha kuitazama simu.

*

Jumanne nilikuwa mahakamani kabla ya lango kufunguliwa, begi bado mkononi. Nilikuwa nimepanga vizuri: bibi akishuka garini nitamwahi kabla ya yeyote, nimwambie kwa maneno machache tu, na yeye ataelewa. Bibi yangu ni mwepesi wa kuelewa.

Nilisimama pale nikiangalia kila gari. Watu wa talaka wakaingia, watu wa mirathi wakaingia, makarani wakaingia. Bibi hakushuka.

Nilipomuuliza askari, akaniambia, "Yule mama mzee? Ameingia kwa nyuma na gari ya wakili. Kesi yao imeitwa ya kwanza."

Nilikimbia.

Nilipousukuma mlango bibi alikuwa amesimama, amemshika Ruweida mkono. Mjomba amekaa, tasbihi mapajani. Wakili Kavumbi amesimama mbele, na Kadhi alikuwa akisoma masharti ya sulhu.

"Mama," Kadhi akasema, "umeyasikia haya? Unakiri kwa hiari yako kwamba marehemu nduguyo hakukuachia sehemu yake?"

"Sheikh, kwa idhini yako," nikasema kutoka mlangoni. "Bibi amedanganywa."

Vichwa vyote vikageuka. Ruweida akafumba macho. Mjomba hakunitazama mimi, alimtazama wakili wake.

Na Wakili Kavumbi akageuka polepole. Nimewaza mara nyingi sura ile aliyokuwa nayo. Nimejaribu kusema ni hofu, nikashindwa. Nimejaribu kusema ni mtu aliyekuwa akiomba nitokee, nikashindwa pia. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno, akamwona Mjomba anavyomtazama, akaufunga.

Kadhi hakukasirika. "Binti, vikao vilivyopita ulikuwa ukimsemea mama huyu. Leo nimeambiwa umesafiri."

"Sikusafiri, sheikh. Nina jambo ambalo bibi hajaambiwa."

"Kesi si yako, ni yake." Akamgeukia bibi. "Mama, mjukuu wako huyu bado anakusemea?"

Bibi akageuza mwili mzima kunitazama, kwa sababu shingo yake haigeuki sana. Akaniona. Akaliona begi. Nikaona anavyoelewa kwamba sikwenda, kwamba saa ile kule Nairobi wanaita majina na mimi niko hapa, na kile alichokusudia kumkana nduguye kwa ajili yake kimemwagika.

Nilitikisa kichwa. Nilisema kwa midomo bila sauti: ni yangu, bibi, ni yangu.

Macho yake si mazuri kwa mbali. Sijui aliona nini. Nilichokiona mimi ni hasira, na tangu anilee sikuwahi kuiona hasira ile.

"La, sheikh," akasema. "Leo nasema mwenyewe."

Kadhi akaniashiria nikae nje. Askari akanishika kiwiko, si kwa nguvu, akanirudisha hatua kwa hatua mpaka kizingitini. Niliita jina la bibi. Nadhani niliita. Ruweida ameniambia baadaye kwamba sikutoa sauti yoyote.

"Basi sema, mama," Kadhi akasema.

Bibi akauachia mkono wa Ruweida. Akasimama peke yake, akavuta pumzi, akamtazama Mjomba Mzamil, na askari akaufunga mlango nikiwa nje.